Kolekole wa Mwalimu Rehema na Mizani Niliyoiapia

Vijana, mmeniuliza kwa nini nikifika sokoni natazama mizani kabla sijatazama nyanya. Ni ugonjwa. Nilikuwa fundi wa mizani hapa Eastlands, Nairobi, kwa miaka thelathini na minne, na sijaona daktari wa ugonjwa huu. Mume wangu aliacha kabisa kwenda nami kununua nyama, kwa sababu nilikuwa nagonga sahani ya mizani kwa kidole kabla mwenye bucha hajanisalimia. Wenye bucha hawapendi jambo hilo, hata walio waaminifu. Hasa walio waaminifu.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mkaguzi wa serikali ndiye mwenye muhuri. Lakini kabla hajapiga muhuri wake, mizani hupitia kwetu mafundi: tunaifungua, tunaisafisha, tunaitengeneza, tunaijaribu kwa mawe ya kupimia ambayo uzito wake unajulikana, halafu tunasaini karatasi kwamba inasema kweli. Karatasi hiyo hubandikwa ukutani dukani. Watu hawaisomi. Mimi huisoma.

Aliyenifundisha ni Mzee Saidi wa Majengo, Pumwani. Alikuwa na kibanda cha mabati kule Gikomba, katikati ya maseremala, na nusu ya kazi yetu ilikuwa kutoa unga wa mbao kwenye mizani zilizokuja zikiwa safi. Nilipokwenda kuomba kazi alinitazama mikono tu. Akasema, "Midogo. Itafika kwenye springi." Huo ndio uliokuwa usaili.

Wiki ya kwanza alinipa tofali moja. Kila asubuhi nipime, niandike kwenye daftari. Jumatatu kilo mbili na gramu mia saba. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano nikaona huu ni upuuzi, nikaandika kilo mbili na mia saba bila hata kulinyanyua. Alhamisi pia. Ijumaa akaja na daftari mkononi.

"Jana na juzi ulipima?"

"Nilipima, Mzee."

Akaliweka tofali kwenye mizani mbele yangu. Kilo tatu na kitu. Alikuwa akililoweka kwenye ndoo usiku, tangu Jumanne. Hakunigombeza. Aliniambia, "Umeandika unachokijua. Sikukuajiri kwa unachokijua." Kisha akanituma chai. Nilitamani angenigombeza.

Siku hizi kazi imebadilika, najua. Nyinyi mnaichomeka mizani kwenye kompyuta na inawajibu. Zamani ilikuwa springi, mikono ya chuma na mshale, na mizani ilikuwa na tabia kama mtu. Lakini mambo kadhaa hayajabadilika. Mizani ya umeme iwasheni mapema, iacheni ipate joto lake, msiipime ikiwa bado na usingizi. Kabla ya lolote hakikisheni imekaa sawa. Kama hamna chombo cha kupimia ulalo, sahani ya maji inatosha. Mshale usomwe ukiwa mbele yake, si ukiwa pembeni. Mshale ukisimama kati ya mistari miwili, someni mstari wa chini. Na kabla hamjaanza kufungua skrubu, chunguzeni chini ya sahani. Niliwahi kuivunjavunja mizani ya mfanyabiashara mmoja siku nzima, nikaitandaza mezani kipande kwa kipande, nikitafuta gramu mia mbili zilizopotea. Jioni nikaziona. Ilikuwa nusu chapati, imekauka, imebana chini ya jukwaa. Mwenye mizani alisema ndiyo, aliitafuta sana siku ile.

Hayo ni makosa ya kuchekesha. Nina lingine.

Mwalimu Rehema anakaa Majengo. Alifundisha watoto wadogo maisha yake yote, na sauti yake hata akiomba chumvi unaketi wima. Marehemu mumewe alikuwa karani, na kila likizo alikuwa akishuka Pwani na fimbo yake ya kuvulia. Kule kuna klabu ya wavuvi wa kujifurahisha, na klabuni kuna ubao wenye majina ya waliovua samaki wakubwa kuliko wote nchini, aina kwa aina. Bwana yule alitaka jina lake likae pale. Alivua miaka ishirini na mbili. Alikufa akiwa na changu wa kilo tatu.

Mwalimu akairithi fimbo. Watu walidhani ataiuza. Alijifunza kuitumia, pale pale juu ya miamba aliposimama mumewe, akiwa na miwani yake na buibui amelikunja kiunoni. Na mwaka wangu wa mwisho kazini, alipoteremka kwa harusi ya mpwa wake, akamnasa kolekole.

Kolekole ni samaki mwenye kifua kama ngoma na hasira ya mwenye nyumba. Alimvuta Mwalimu saa nzima na zaidi. Mwalimu hakumpa mtu fimbo aishike, kwa sababu alijua sheria: ukisaidiwa hata kidogo, huyo si samaki wako kwa mambo ya rekodi. Shemeji yake, anayefanya kazi kwenye boti za watalii, alipomwona yule samaki juu ya jiwe akavua kofia. "Shemeji," akasema, "huyu anaweza kumpita wa ubaoni."

Wa ubaoni alikuwa kilo arobaini na mbili na nusu.

Sasa hapo ndipo shida ilipoanza. Samaki wa rekodi hapimwi kwa midomo. Lazima apimwe nchi kavu, si kwenye boti, kwa mizani yenye muhuri wa serikali ambao haujaisha muda. Lazima awe mzima, matumbo yake ndani, mapezi yote mahali pake. Mashahidi wawili wasimame pale wasaini. Picha zipigwe: samaki, fimbo, mvuvi, na mizani ikionyesha namba. Mizani ya klabu ilikuwa imepelekwa kutengenezwa. Ya mnunuzi wa samaki pale kijijini haikuwa na muhuri, na mwenyewe hakupenda kuulizwa. Shemeji akampigia simu katibu wa rekodi wa klabu, naye akasema mizani yoyote nchini inakubalika, mradi ni halali, lakini wakumbuke kwamba samaki hukauka. Kila saa inayopita anapungua.

Mwalimu akanipigia mimi.

"Mama Mwende, habari za nyumbani?"

"Salama, Mwalimu. Harusi?"

"Harusi nzuri. Niambie, hapo Nairobi kuna mizani ya kupima kitu cha kilo hamsini ambayo wewe unaweza kuiapia?"

Sikufikiri hata kidogo. Nikasema, "Ya Kioko, pale Soko la Burma. Nimeitengeneza mwenyewe, haijafika miezi miwili."

"Unaiapia?"

"Naiapia."

Yeye alikuwa na mpango wa kurudi siku hiyo. Lori la samaki lilikuwa linapanda Nairobi na barafu yake. Akamfunga kolekole kwenye shuka, akamlaza kwenye barafu, akapanda mbele na dereva. Asubuhi iliyofuata saa mbili alikuwa Burma.

Kioko ni Mkamba mwenzangu, mtu mkubwa wa maneno machache, na bucha lake ni safi kiasi kwamba nzi huingia kwa adabu. Mizani yake ni ile ya kuning'inia, uso wa duara kama saa ya ukutani, inafika kilo mia. Tukalitundika shuka na samaki wake kwenye ndoano. Watu wa soko wote walikuwa wameshajaa mlangoni. Mshale ukapanda, ukacheza, ukatulia kati ya arobaini na nne na arobaini na nne na nusu.

"Arobaini na nne," nikasoma. Mstari wa chini.

Hata ukitoa uzito wa shuka, alikuwa amempita wa ubaoni. Soko likalipuka. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mathe amevunja rekodi! Hiyo samaki ni noma!" Kioko akatoa supu ya bure, jambo ambalo watu wa Burma bado wanalizungumzia kuliko samaki mwenyewe. Mwalimu alisimama ameshika fimbo ya mumewe kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanashuka chini ya miwani na hakuyafuta.

Mimi nilikuwa na fomu ya rekodi. Shemeji alikuwa ametuma kwa simu, tukaichapa pale dukani kwa jirani. Sehemu ya mvuvi tukajaza. Mashahidi, Kioko na mchinjaji mwenzake, wakasaini. Nikafika sehemu ya mizani. Iliuliza: mizani ilijaribiwa lini, na nani, na hadi uzito gani.

Nikainua macho kutazama karatasi yangu ukutani, ninakili. Mwandiko wangu, saini yangu. "Imejaribiwa hadi kilo mia moja."

Vijana, nisikilizeni vizuri hapa.

Siku ile nilipoijaribu mizani ya Kioko, mvua ilikuwa inanyesha. Magoti yalikuwa yananiuma. Mawe yangu ya kupimia yana kilo ishirini kila moja, na mafundi tunayabeba wenyewe. Nilikuwa nimebeba moja. Mengine yalikuwa kibandani Gikomba, na mkokoteni ulikuwa unataka kusubiriwa. Nikaweka jiwe la kilo ishirini, mshale ukasema ishirini kamili. Nikajiambia, huyu ni Kioko, anapima nyama ya kilo moja, kilo mbili, mbuzi mzima mara chache. Ataipima lini kilo mia? Nikaandika "hadi kilo mia moja", nikasaini, nikaenda kunywa chai. Sikuwahi kuliwaza tena hadi asubuhi ile.

Springi iliyochoka inaweza kusema kweli kwenye ishirini na kudanganya kwenye arobaini. Hilo ni somo la mwezi wa kwanza. Nimewafundisha wengine.

Nilisimama na kalamu. Nilikuwa nimebakisha wiki tatu nistaafu. Mwenye kujua nilikuwa mimi peke yangu. Mkaguzi alikuwa ameshapiga muhuri wake akiamini karatasi yangu. Huyo mwenye rekodi ya zamani sikumjua hata kwa sura. Nikaanza kuandika herufi ya kwanza ya jina langu. Niliandika, msidhani sikuandika. Halafu nikamwona Mwalimu ananitazama, si kwa shaka, kwa shukrani, na hilo ndilo lililonishinda.

"Tumpime tena," nikasema.

"Kwa nini?" akauliza Kioko.

"Mizani hii sikuijaribu hadi mia. Nilitundika jiwe moja la kilo ishirini, nikaishia hapo."

Kioko akatazama karatasi ukutani. Akaisoma, nadhani kwa mara ya kwanza. "Imeandikwa mia."

"Niliandika uongo."

Kelele zikakatika, kama redio inapotolewa betri. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mathe, wacha hivyo, nani atajua?" Wengine wakamuunga mkono. Mwalimu Rehema hakuwageukia.

"Mama Mwende," akasema kwa sauti ile ya darasani, "nilikuuliza kama unaiapia."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia nini?"

"Nikasema naiapia, Mwalimu."

Nilikuwa na miaka sitini, nimesimama katikati ya soko nikijibu kama mtoto aliyekutwa na chaki mfukoni. Kisha akasema, "Lete hayo mawe."

Mzee mmoja wa mkokoteni akayaleta kutoka Gikomba, yote matano. Nikatundika mawili, kilo arobaini. Mshale ukasema arobaini na moja na nusu. Nikarudia mara tatu. Arobaini na moja na nusu mara tatu. Ilikuwa imemzidishia samaki karibu kilo moja na nusu, na sasa hesabu ya kolekole ilikuwa inacheza pale pale kwenye rekodi, huku au kule, na kwa mizani ile hakuna mtu angeweza kusema.

Kioko akaitoa ndoano mwenyewe, akaigeuza mizani uso ukutani. Akachukua barafu yake ya kuhifadhia nyama, akamfunika samaki.

"Mizani gani nyingine?" akauliza Mwalimu. Hakutamka kwamba niiapie, na sikuthubutu.

Nikasema Wambui, anayeuza mitumba kwa jumla pale Gikomba, ana mizani mpya ya umeme ya kupimia marobota. Inaonyesha hata tofauti ya gramu mia, muhuri wake ni wa mwaka huu, na haikutengenezwa na mimi. Hilo la mwisho nililiona ni sifa. Tukampakia kolekole kwenye mkokoteni na mawe yangu matano, blanketi juu, na msafara ukaondoka Burma kwenda Gikomba: mzee anavuta, Kioko anasukuma na aproni yake ya damu, Mwalimu pembeni na fimbo begani, mimi nyuma. Kila tulipopita watu walituuliza tunauza kilo ngapi.

Wambui akayasogeza marobota kando. Safari hii sikuruka hatua. Nikaiwasha mizani, nikasubiri ipate joto, wakati kila mtu ananitazama kama nachelewesha maziko. Sahani ya maji juu, iko sawa. Kilo ishirini: ishirini. Arobaini: arobaini. Sitini, themanini, mia: sawasawa. Nikaandika kila namba. Ndipo tukamweka kolekole, na shuka lake.

Arobaini na mbili na gramu mia tisa.

"Ametosha!" akasema Wambui.

"Bado shuka," nikasema.

Shuka lililotoka naye Pwani lilikuwa limelowa maji ya barafu na utelezi wa samaki. Tukalivuta, nikalikunja, nikaliweka peke yake. Gramu mia sita. Nikaandika. Kilo arobaini na mbili na gramu mia tatu.

Alipungukiwa na gramu mia mbili.

Wambui ni mwanamke mwema. Akaingia kwenye robota akatoa shuka lingine, la aina ile ile, kavu, akaliweka kwenye mizani. Gramu mia tatu. Akaninyooshea kidole. Kwa shuka lile kavu, Mwalimu alikuwa ubaoni.

"Hakupimwa na hilo," nikasema.

"Akitoka majini alikuwa zaidi," akasema Kioko polepole. "Amekauka njiani."

"Pengine."

"Si pengine, mathe. Ni hakika."

"Ni hakika," nikasema. "Lakini sikumpima huko."

Tukamgeukia Mwalimu. Aliweka fimbo chini, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Akatazama namba ya lile shuka kavu mpaka mizani ikajizima yenyewe, maana zile mpya hujizima.

"Andika arobaini na mbili na mia tatu," akasema.

"Mwalimu, si rekodi. Fomu haina kazi."

"Imeandikwa wapi kwamba asiyevunja rekodi asijaze fomu?"

Haikuandikwa popote. Nikajaza yote, pamoja na mizani ya Kioko na uongo wangu, kwa sababu fomu iliuliza kama samaki alipimwa kwingine. Tukaituma. Baada ya miezi minne klabu ilijibu kwa barua yenye kichwa rasmi: samaki amethibitishwa, kolekole, kilo arobaini na mbili na gramu mia tatu, si rekodi. Mwalimu aliitia kwenye fremu. Iko sebuleni, chini ya picha ya mumewe. Ni samaki pekee wa Majengo mwenye barua.

Mimi siku iliyofuata nilikwenda kwa mkaguzi nikamweleza. Aliniandikisha maelezo, akanipa onyo la maandishi, wiki tatu kabla ya kustaafu. Akaniamuru nirudie mizani zote nilizosaini msimu ule, kila moja hadi mwisho wake, kwa mawe yangu mwenyewe. Nilizirudia. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyokumbuka, na mbili nyingine zilikuwa zinadanganya. Nilipoagwa kazini, wenzangu walinipa mkanda wa mgongo. Nauvaa mpaka leo.

Lakini nilikuwa nawaambia habari za siku ile. Kutoka kwa Wambui, Mwalimu alisema samaki apelekwe kwake. Kioko akamkata uani Majengo kwa kisu chake cha bucha, majirani wakaleta sufuria, mchele, nazi. Mimi niliaga. Nilidhani ni heshima kuondoka mapema.

"Unakwenda wapi?" akauliza Mwalimu. "Kaa hapo."

Nikakaa. Watu walikuwa wengi, na vipande vilikuwa vinatoka kwa fujo, huyu hivi, yule vile. Mkono ukaniwasha. Nilikuwa na mizani ndogo ya mfukoni kwenye mkoba, nikaitoa, nikasema naweza kusaidia, kila nyumba ipate sawa.

Mwalimu aliitazama ile mizani, akanitazama mimi.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akagawa kwa macho, kama alivyopenda. Vipande havikulingana hata kidogo. Alipofika kwangu akatumbukiza mkono kwenye beseni, akachagua, akaniwekea kipande cha kifuani kwenye sahani. Nikaishika. Kwa mkono tu nilijua kimezidi cha jirani yangu kwa robo kilo na kitu.

Nikanyamaza, nikala.